Kesi za kazi Jinja na Mbale: Nyaraka ziombwe mapema

Dereva wa lori akifukuzwa kazi na kumshtaki mwenye gari, karatasi nyingi zinazoweza kuamua kesi huwa ofisini kwa mwajiri: barua ya ajira, orodha ya mishahara, kitabu cha safari, risiti za mafuta na kumbukumbu za kikao cha nidhamu. Dereva anaweza kuiomba mahakama imwamuru mwajiri azitoe. Mwajiri naye ana haki hiyo, kwa mfano anapotaka kuona taarifa za benki za dereva anayedai hakulipwa. Wengi huikosa nafasi hii kwa kuchelewa.

Kesi inapoanzia

Jinja iko kwenye barabara kuu ya kutoka Malaba na Busia kwenda Kampala, na Mbale iko kwenye njia ya kutoka Tororo kuelekea Soroti. Katika miji yote miwili mgogoro wa kazi huanza kwa Ofisa wa Kazi wa eneo. Madai ya kuachishwa kazi isivyo haki hupelekwa kwake ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufukuzwa, isipokuwa mlalamikaji aonyeshe sababu ya haki ya kuchelewa. Yasipomalizika hapo huenda Mahakama ya Viwanda, ambayo makao yake ni Kampala lakini hufanya vikao pia Jinja na Mbale.

Muda wa kuomba

Katika kesi za madai nchini Uganda, maombi ya nyaraka yamewekwa chini ya Amri ya 10 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai. Muda uliowekwa ni siku 21 tangu jibu la mwisho la maandishi kati ya pande mbili. Sheria ya migogoro ya kazi ya mwaka 2006 inasema Mahakama ya Viwanda haifungwi na kanuni za ushahidi za kesi za madai. Hata hivyo, hiyo si ruhusa ya kuomba wakati wowote. Anayechelewa ajiandae kujibu maswali haya:

- Kwa nini hakuomba mapema?
- Nyaraka hizo zinahusu hoja ipi ya kesi?
- Je, kweli ziko mikononi mwa mpinzani?
- Je, mashahidi waliokwisha kuhojiwa watalazimika kuitwa tena?

Ombi la "nyaraka zote za kampuni" ni rahisi kukataliwa. Ombi linalotaja kitabu cha safari cha gari fulani, kwa miezi fulani, lina nguvu zaidi.

Hasara ya kuchelewa

Risiti za mafuta hufifia. Kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia gari zinaweza kufutwa na mtambo wenyewe baada ya muda. Nyaraka zikishapotea, amri ya mahakama haiwezi kuzirudisha.

Amri ikishatolewa, kuidharau ni hatari. Kesi ya mdai inaweza kufutwa, na utetezi wa mdaiwa unaweza kuondolewa.

Mwajiri asidhani kuficha karatasi kutamsaidia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka yeye athibitishe sababu ya kumfukuza mfanyakazi. Kwa wanaoajiri pia ng'ambo ya mpaka, sheria za Kenya (2007) na Tanzania (2004) zinasema mwajiri asipotoa masharti ya kazi yaliyoandikwa, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unamwangukia yeye.

La kufanya

Mfanyakazi atunze nakala za barua, hati za malipo na ujumbe wa simu. Tangu mwaka 2011 sheria ya Uganda inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi. Kabla ya kwenda mahakamani, aandike barua ya kumwomba mwajiri nyaraka, azitaje moja moja na abaki na nakala iliyopokewa kwa sahihi. Barua hiyo itaonyesha kwamba hakukaa kimya.

Mwenye magari naye, mara apatapo barua ya madai, asimamishe ufutaji wa kumbukumbu na kuweka faili la dereva huyo mahali salama.