Mipaka ya Laxton

Ukipita Laxton kwa gari huoni jambo la ajabu. Ni kijiji kidogo na kimya katika jimbo la Nottinghamshire, Uingereza: kanisa la mawe, nyumba za matofali mekundu, baa moja. Kilichonivuta mimi ni mahali zilipo nyumba za wakulima. Zimepangana kando ya barabara, jirani kwa jirani, wala hazikujengwa kila moja katikati ya shamba lake. Sababu ni kwamba kila mkulima ana vipande vya ardhi pande zote za kijiji.

Vipande hivyo vimo katika mashamba makubwa matatu yasiyogawanywa kwa ua: la Magharibi, la Kusini na la Kinu. Mpango huu wa kale ulimpa kila mtu sehemu yake ya udongo mzuri na sehemu yake ya udongo mbaya. Shamba moja hupandwa ngano, la pili mazao ya majira ya machipuko, la tatu hupumzishwa. Mwaka unaofuata zamu hubadilika.

Mwishoni mwa Novemba, wakulima walioteuliwa kuwa wazee wa baraza hulizunguka shamba la ngano, wakikagua mipaka na kupigilia vigingi. Aliyelima akamega njia au nyasi za pamoja huitwa mbele ya mahakama ya kijiji wiki inayofuata na kutozwa faini. Fedha yenyewe si nyingi. Nadhani kinachouma ni kuhukumiwa na jirani utakayekutana naye kesho asubuhi.

Ramani iliyochorwa na Mark Pierce mwaka 1635 inaonyesha mashamba hayo hayo, ingawa vipande vya leo ni vichache na vipana zaidi. Zamani vijiji vingi vya Uingereza viliishi hivyo. Kisha, kati ya 1604 na 1914, Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua, jumla ya ekari milioni 6.8 hivi. Wenye ardhi nyingi walinufaika. Maskini wengi waliokuwa na ng'ombe mmoja kwenye malisho ya pamoja walibaki vibarua. Laxton ilisalia, na mwaka 1952 Wizara ya Kilimo ya Uingereza ikainunua kwa nia ya kuuhifadhi utaratibu wake.

Mwaka huo wa 1952 ndio unaonisumbua. Miaka miwili baadaye, mwaka 1954, serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitoa mpango wa Roger Swynnerton, ofisa wa kilimo. Wakulima wa Kikuyu nao walikuwa na vipande vilivyotawanyika, kimoja mteremkoni, kingine bondeni, kila kimoja na udongo wake. Huko vipande viliitwa kikwazo cha maendeleo. Viliunganishwa, vikapimwa, vikatolewa hatimiliki.

Sisemi mpango ule haukuwa na faida. Ulifungua njia kwa Waafrika wengi kulima kahawa na kupata mikopo. Wala Laxton si pepo: wakulima wake ni wapangaji, na ardhi imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, mara ya mwisho mwaka 2020. Lakini utaratibu ambao London iliuona urithi wa kutunzwa nyumbani kwake, katika koloni lake uliitwa mkanganyiko.

Tena kazi ile ya Kenya ilifanyika wakati wa Hali ya Hatari. Pale Laxton, kigingi hupigiliwa na wanaolima, mchana, majirani wakitazama. Katika Kenya ya kati, maelfu ya wanaume waliokuwa na haki ya kusimama shambani na kusema "mpaka wangu unaishia hapa" walikuwa kizuizini, nyuma ya seng'enge, wakati ardhi yao inapimwa.