Kuingia mall na watoto wadogo ukiwa ughaibuni, na kutoka nao wote

Leo sileti siasa. Ndugu zetu kibao wanavuka Mutukula kwenda kuishi Kampala, na wengi wakifika wanakabidhiwa watoto wa dada au wa kaka. Jumamosi ikifika unaambiwa "wapeleke mall wakatembee". Mimi yalinikuta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne tu, nikakaa kule miezi minane na watoto wawili wa dada yangu: wa kiume miaka 5, wa kike miaka 3.

Mtu atauliza kwa nini Kampala na si Mlimani City ya Dar, iliyofunguliwa 2006. Jamani, kutoka Bukoba hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,300, Kampala ni kama 300 tu. Kwetu ughaibuni uko karibu kuliko jiji letu wenyewe! Lakini mtoto aliyekulia Kagondo, duka analolijua lina mlango mmoja na mwenye duka anamfahamu bibi yake. Mall ina milango minne, mitano, na hakuna anayemjua.

Getini mtapekuliwa. Mlinzi anapitisha kile kifaa cha kutambua chuma, begi linafunguliwa, gari linaangaliwa chini kwa kioo. Usikasirike. Tarehe 11 Julai 2010, watu wakiangalia fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yaliua zaidi ya watu 70 Kampala, na sehemu moja iliyolipuliwa ni uwanja wa ragbi wa Kyadondo, eneo la Lugogo. Nairobi nao walivamiwa Westgate tarehe 21 Septemba 2013, wakafa watu 67, na siku hiyo juu kwenye maegesho kulikuwa na mashindano ya watoto ya kupika. Waambie watoto mapema kwamba watapapaswa. Mdogo wangu mara ya kwanza alilia mpaka mlinzi mwenyewe akaona aibu.

Ngazi za umeme sasa. Hapo ndipo wengi tunaumbuka. Mtoto asikae, asiguse pembeni, asimame katikati ya kidato huku umemshika mkono. Na viatu! Siku hiyo Mdogo alivaa yeboyebo. Tunakaribia juu, kile kiatu laini kikavutwa pembeni kwenye upenyo. Nikamnyanyua mguu ukachomoka, kiatu kikabaki kinatafunwa. Si ushamba wetu tu: Japani mwaka 2008 serikali iliiomba kampuni ya Crocs ibadilishe viatu vyake baada ya watoto kunaswa hivyo hivyo. Juu na chini ya ngazi kuna kitufe chekundu cha kuzisimamisha, kitafute kabla hujapanda. Ukiwa na watoto wawili na mfuko wa unga, panda lifti tu, hakuna atakayekucheka.

Haya, kupotea. Nilikuwa kwenye foleni ya kulipa, nahesabu shilingi za Uganda ambazo sifuri zake zilikuwa bado zinanichanganya. Kugeuka, Mkubwa hayupo. Nikaita, nikakimbia huku nimembeba Mdogo, nimechanganyikiwa mbaya. Dakika ishirini nzima!

Kumbe dada mmoja wa duka alimkuta analia akamuuliza kwa Kiganda, "Maama wo ali ludda wa?" Mtoto hakuelewa. Akamjibu kwa Kiswahili, "Mjomba amepotea." Yaani mimi ndiye niliyepotea, hahaha, ila siku ile sikucheka. Dada yule hakujua Kiswahili, akampeleka kwa mlinzi mzee wa geti la nyuma ambaye aliwahi kuwa jeshini. Uganda Kiswahili kilikuwa kwa miaka mingi lugha ya askari, watu wengi walikiogopa, ndiyo maana baraza lao la mawaziri kupitisha mwaka 2022 kiwe lugha rasmi lilikuwa jambo kubwa. Kile cha mzee kilikuwa cha "wewe kaa hapa", lakini kilitosha.

Akamuomba namba ya simu. Mkubwa akaitaja vizuri kabisa, namba ya bibi wa Kagondo, inaanza na 075. Mzee akapiga, akapokea mwanaume wa Kiganda asiyejua lolote. Wadau, hili lishikeni: 075 ipo Tanzania na ipo Uganda pia, na zote zina tarakimu kumi. Ukiwa kule bila kuanza na +255 unampata mtu mwingine. Mfundishe mtoto namba yako ya laini ya huko huko, na uiandike kwa kalamu kwenye mkono wake.

Mzee alifanya jambo la akili. Hakuzunguka naye, alikaa naye pale mlangoni. Nilipofika hakunipa! Alinihoji mimi, akamhoji na mtoto, mpaka nilipoonyesha picha yetu kwenye simu. Tangu hapo kila tukifika getini nawapiga picha na nguo walizovaa.

Choo ni shida ya wajomba. Huwezi kumwingiza binti wa miaka 3 upande wa wanaume ukawa na amani. Mtafute mama wa usafi, mwite "nyabo" kwa heshima, atakusaidia. Simama mlangoni pale pale.

Sehemu za michezo ya watoto: unalipia, mtoto anaruka. Kama iko juu, tafuta njia ya pili ya kutokea kabla hujamwacha. Hili liwafikie na dada zetu wanaolea watoto wa mabosi Ughaibuni. Doha, kwenye Villaggio Mall, moto wa tarehe 28 Mei 2012 uliua watu 19, kati yao watoto 13 waliokuwa kwenye kituo cha kulelea watoto. Ngazi ziliporomoka, waokoaji wakalazimika kupitia paa.

Na mkesha wa mwaka mpya baki nyumbani. Freedom City, barabara ya Entebbe, usiku wa kuamkia 2023 watu walitoka kuangalia fataki, wakakanyagana, wakafa wasiopungua 9, wakiwemo watoto. Dada alitaka niwapeleke wa kwangu kwenye fataki mwaka uliofuata. Nilikataa, akanuna siku mbili.

Walisheni matoke kabla ya kutoka, aisikrimu za kule zinamaliza nauli. Mdau mwenye uzoefu wa Nairobi au Muscat atujuze vyoo vya huko mjomba anafanyaje. Nawakilisha.