UZIO MWEUSI WA MASTAA: ULIANZA KWA KUBANA MATUMIZI, LEO NDIO WA GHARAMA!

Wale wa kuangalia video za mastaa wa Marekani lazima mmeona hii: jumba kubwa, majani ya kijani, farasi wawili watatu, halafu uzio mrefu mweusi unapanda na kushuka na vilima. Ukiuona tu unasema huyu pesa anayo. Leo nakuletea historia ya huo uzio, maana ni kinyume kabisa na tunavyodhani.

Stori imeanza kwa mdau mmoja, jina kapuni, Mkongomani anayeishi Lexington, jimbo la Kentucky. Kule Kiswahili unakisikia sana, ndugu zetu wa Kongo wako wengi. Jamaa kapiga kazi za usiku miaka na miaka, kanunua nyumba yenye kipande cha ardhi, na binti yake kapewa farasi mzee wa kumtunza. Akaniandikia: "Mdogo wangu, nataka uzio wa plastiki mweusi kama wa matajiri wa hapa. Kuna muuzaji ana wa bei ya chini sana. Nichukue?" Yaani akiba yake yote ilikuwa inasubiri jibu. Nikaanza kuchimba.

Kentucky ndiyo nyumbani kwa farasi wa mbio. Zamani, miaka ya 1800, mashamba mengi ya kule yalizungushiwa kuta za mawe ya chokaa, mawe yamepangwa tu bila saruji. Mafundi walikuwa wahamiaji kutoka Ireland pamoja na watumwa weusi, na hata baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, weusi wengi waliendelea na ufundi huo. Nyingine bado zimesimama hadi leo. Waya wa miiba nao ulipata hataza mwaka 1874, ukapendwa na wafuga ng'ombe, lakini farasi akishtuka na kuuparamia anachanika vibaya. Kwa hiyo wenye farasi wakashika mbao.

Mbao zikapakwa nyeupe. Zilipendeza, ila balaa lake sasa! Nyeupe inachafuka upesi, inabanduka, na shamba lina kilomita na kilomita za uzio. Halafu rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na farasi ana tabia ya kutafuna mbao. Katika karne ya 20 wenye mashamba wengi wakahamia rangi nyeusi yenye lami ndani yake. Ilikuwa rahisi, inadumu zaidi, inaficha uchafu. Umeona? Weusi haukuja kwa ajili ya mashauzi, ulikuja kwa kubana matumizi. Wachache walibaki na nyeupe, kama shamba maarufu la Calumet hapo hapo Lexington.

Sasa tuje kwenye plastiki. Mwaka 1872 mkemia Mjerumani, Eugen Baumann, alikuwa na gesi ndani ya chupa iliyopigwa na jua. Akakuta kitu kigumu cheupe kimejitengeneza ndani. Hiyo ndiyo PVC, ile ile ya mabomba yetu ya maji, au kwa jina la mtaani vinili. Ilikaa bila kazi ya maana hadi 1926, ambapo Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich kule Ohio, akiwa anatafuta gundi ya kushika mpira kwenye chuma, alipata namna ya kuilainisha. Baadaye zikaja santuri za muziki, na miaka ya 1980 nyua za vinili zikaanza kushika soko Marekani. Hupaki rangi, mchwa hali, na farasi hana hamu ya kuitafuna.

Lakini nyingi zilikuwa nyeupe. Kwa nini? Hapa ndipo penyewe. Jua ndilo lililoizaa plastiki hii, na jua ndilo linaloiua. Mionzi yake inaivunja taratibu, inakuwa kavu na kupasuka. Dawa yake ni unga mweupe wa titani dioksidi unaochanganywa ndani, unazuia mionzi isipenye. Ukitaka rangi ya giza inabidi huo unga upunguzwe, na hapo hapo weusi unavuta joto. Ubao wa vinili wa futi 8, joto likipanda nyuzi 40, unarefuka kama milimita 6. Ukibanwa, unapinda kama ndizi.

Ndiyo maana vinili nzuri nyeusi hutengenezwa kwa tabaka mbili: ndani PVC, nje ngozi ya akriliki au plastiki nyingine inayostahimili jua, na rangi maalumu zisizokusanya joto sana. Hiyo ina bei yake. Kwenye mbao nyeusi ilikuwa nafuu, kwenye plastiki nyeupe ndiyo nafuu. Mambo yamegeuka!

Basi nikamwambia kaka amuulize muuzaji mambo matatu. Je, ina tabaka la nje? Dhamana inahusu na kupauka, au kupasuka tu? Na matundu ya nguzo yana nafasi ya ubao kurefuka? Muuzaji akaanza kuumauma maneno. Kaka akaondoka zake.

Mwisho wa siku, mbele ya nyumba kaweka vinili nyeusi ya tabaka mbili, kipande kifupi tu, mbali na jiko la kuchomea nyama na mbali na dirisha linalorudisha mwanga, maana vyote hivyo vinaweza kuiyeyusha. Kwa farasi kaweka mbao nyeusi na waya wa umeme kwa ndani, kwa sababu farasi akiegemea vinili tupu, ubao unachomoka. Na kwa kuwa uzio mweusi hauonekani vizuri jioni, binti yake anamrudisha farasi bandani kabla ya giza.

Cha rahisi siku zote ni ghali, wazee walishasema. Wewe ungechagua upi, mweusi au mweupe? Shuka hapo chini tubishane!