Chumvi, Kutu na Diski za Breki

Leo hakuna mambo ya programu. Msomaji mmoja mwenye kaka kule Minnesota, Marekani, aliniuliza kwa nini huyo kaka kila mwaka analia kuhusu diski za breki kuliwa na kutu. Nimechimba kidogo, na kumbe ni hadithi ambayo sisi watu wa programu tunaijua sana: unaziba tatizo hapa, lingine linatokea kule.

Tuanze na barabara. Maji yakiganda juu ya lami, gari huteleza hata ukanyage breki namna gani. Zamani walikuwa wakimwaga mchanga. Jimbo la New Hampshire likaanza kujaribu chumvi mwaka 1938, na majira ya baridi ya 1941-1942 likawa jimbo la kwanza kuifanya utaratibu wa kawaida. Msimu huo Marekani nzima ilimwaga tani 5,000 hivi. Kufikia 1970 ilikuwa takriban tani milioni 10 kwa mwaka! Sababu ni rahisi: maji matupu huganda kwenye nyuzi 0, lakini maji yenye chumvi asilimia 23 hayagandi mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri.

Kinachonichekesha ni Detroit. Mji huohuo uliokuwa makao ya viwanda vya magari una mgodi mkubwa wa chumvi, zaidi ya mita 300 chini ya ardhi. Juu wanaunda gari, chini wanachimba kitakachokuja kulila.

Sasa breki. Wakati chumvi inaanza kumwagwa, magari yalitumia breki za dramu, ambazo zimefunikwa pande zote. Diski ilikuwa imeshabuniwa: Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili mwaka 1902, ila pedi zake za shaba zilipiga kelele na kuisha haraka kwa vumbi la barabara za enzi hizo. Ikasahaulika mpaka Jaguar waliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 wakitumia diski. Miaka miwili baadaye Citroën wakaiweka kwenye magurudumu ya mbele ya gari lao la DS. Dramu ikipata moto sana hupoteza nguvu, lakini diski iko wazi, upepo unaipoza. Shida ni kwamba palipo wazi kwa upepo pako wazi pia kwa maji ya chumvi.

Utauliza, kwa nini wasitumie chuma kisichoshika kutu? Kwa sababu hicho hakipitishi joto vizuri, na kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto na kulitupa nje. Chuma cha kawaida cha kumiminwa kwenye kalibu ni rahisi na kinapitisha joto vizuri. Rangi nayo haisaidii pale pedi inapogusa, maana ukifunga breki mara chache tu imeshakwanguliwa.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa breki yenyewe. Gari likilala mvuani, asubuhi diski ina utando wa rangi ya machungwa, ukifunga breki mara chache unafutika. Chumvi inavuruga mpango huo kwa kuyafanya maji yapitishe umeme kirahisi, na kutu ni kazi ya umeme huo mdogo ndani ya chuma. Inachimba mashimo ambayo pedi haiwezi kuyafuta. Diski za nyuma huumia zaidi kwa sababu za mbele ndizo hubeba mzigo mkubwa wa kusimamisha gari. Kibaya zaidi, kutu ikiingia nyuma ya pedi yenyewe, inaweza kuibandua kutoka kwenye bamba lake. Hapo si suala la sura tena.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 General Motors walianza kupika diski kwenye joto la nyuzi 560 hivi, ndani ya gesi yenye naitrojeni, ili uso wake uwe mgumu na uchelewe kushika kutu. Nadhani ni suluhisho zuri kuliko yote. Lakini yakaja magari ya umeme. Ukiachia mafuta (hata neno hili litabidi libadilike!) mota inageuka jenereta na kupunguza mwendo, pedi hazigusi diski, na kutu inakaa kwa raha. Ndiyo maana Volkswagen ID.3 ya mwaka 2020 ina dramu nyuma. Teknolojia ya babu imerudishwa kazini.

Kwetu jambo hili linaingia kupitia bandari ya Mombasa. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua yanatoka Japani, na huko, baada ya sheria ya 1990 dhidi ya matairi ya misumari, matumizi ya chumvi barabarani yaliongezeka. Gari la Hokkaido linaweza kung'aa juu na kuoza chini. Kwa hiyo ukienda kununua, lala chini utazame. Uso wa nje wa diski unauona kupitia rimu, lakini ule wa ndani ndio usioonekana mpaka gurudumu lifunguliwe, basi mwambie fundi alifungue.