Papasi, Wapagazi na Bandama

Hapa kwetu Nyalikungu, wilayani Maswa, karibu kila homa huitwa malaria. Leo naomba tuikumbuke nyingine, homa ya papasi, iliyopita katika njia za babu zetu.

Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walibeba mizigo hadi pwani, wakilala katika vibanda vya kambi. Humo aliishi papasi. Kupe huyu hang'ang'anii ngozi kwa siku nyingi. Hutoka usiku katika nyufa za sakafu ya udongo, hunyonya damu kwa muda mfupi, kisha hurudi kujificha. Msafiri huamka asimwone.

Mwaka 1904 madaktari Ross na Milne, wakiwa Uganda, walionyesha kwamba homa hiyo huletwa na kupe. Mwaka 1905 Dutton na Todd walithibitisha hayo Kongo. Dutton alifia Kasongo Februari mwaka huo, kwa ugonjwa uleule aliokuwa akiuchunguza. Mwaka huohuo Robert Koch alikagua vibanda vya misafara katika koloni la Wajerumani, ambalo sehemu yake kubwa ndiyo Tanzania Bara ya leo. Aligundua kuwa papasi jike huwarithisha watoto wake vijidudu kupitia mayai. Kumbe hata kibanda kilichohamwa huweza kubaki na hatari.

Vijidudu hivyo huishi katika damu. Bandama, ambayo huchuja damu, huvimba ikipambana navyo. Baada ya siku chache homa hushuka, mgonjwa akadhani amepona. Lakini baadhi ya vijidudu vimebadili sura, na homa hurudi. Bandama iliyovimba, japo ni kwa nadra, huweza kupasuka, damu ikamwagika tumboni. Kwa hiyo tumbo la mgonjwa huyo si la kukandwa wala kuchanjwa chale. Wajawazito na watoto wachanga ndio huangamia zaidi.

Kipimo cha haraka cha malaria hakivioni vijidudu hivi. Huonekana kwa darubini, katika tone la damu lililochukuliwa homa ikiwa juu. Dawa zipo, zitolewe chini ya uangalizi wa mganga.

Wapagazi hawakuwa na darubini. Sisi tunazo. Homa ikirudi, na kipimo kimesema malaria haipo, tusimpe mgonjwa dawa ileile tena. Tumuulize kwanza: ulilala wapi?