Boriti za Rufiji na Mirija ya Sarafu

Unyonyaji wa mkulima haukuishia kwenye bei ya mazao. Ulimfuata hata ndani ya sarafu aliyolipwa. Historia ya delta ya Rufiji yathibitisha jambo hilo.

Majahazi yalichukua boriti za mikoko kupeleka Ghuba, lakini fedha zilizomrudia mkataji zilitawaliwa na wageni. Wajerumani walidai kodi ya nyumba tangu 1898 na kueneza rupia yao. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walichapa noti za muda. Waliposhindwa, noti hizo zikabaki karatasi tupu mikononi mwa wananchi.

Waingereza nao waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, makao yake London. Dhamana ya shilingi yetu iliwekwa huko, ikawanufaisha mabepari wa huko, na ada ikatozwa fedha zilipohamishwa. Septemba 1949 pauni ilishushwa kutoka dola 4.03 hadi 2.80. Shilingi ya mkulima wa pamba wa Rufiji ilishuka nayo, wala hakuulizwa.

Bendera tuliipata 1961. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966, na mabenki yakataifishwa Februari 1967. Ndipo mrija huo ulipoanza kukatwa.

Leo Kibiti ni wilaya, na fedha huvuka mipaka kwa simu. Hata hivyo, ndugu, swali ni lile lile: nani anapanga kiwango cha kubadilishia, na ada inaingia mfuko wa nani?