Rangi ya Macho na Rangi ya Mkebe: Historia Ndani ya Motokari ya Zamani



Kiswahili chetu kinatumia neno moja, "rangi", kwa vitu viwili: ile tunaona kwa macho, na ile fundi anatoa ndani ya mkebe na kupakaa. Kila siku hiyo haileti shida. Lakini ukiingia katika kazi ya kufufua motokari ya zamani, na zaidi ukitaka kulinganisha rangi za ndani, utaona kama vitu hivyo viwili vinaachana. Mkebe unaweza kuwa na namba ya kweli kabisa, na macho yakakataa. Tuangalie namna historia ilileta shida hiyo, na juu ya nini inatuhusu sisi watu wa kusoma hati.

Tuanze na wakati ambapo shida haikuwako. Ford ilitengeneza motokari ya Model T tangu 1908 mpaka 1927. Kati ya 1914 na 1925 iliuzwa kwa rangi nyeusi tu. Nyeusi ilikuwa ya bei ndogo na ilidumu. Wakati ule, kupakaa motokari vizuri kwa rangi ingine kuliweza kuchukua wiki kadhaa: tabaka juu ya tabaka, na kila moja inangojewa ikauke. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors, pamoja na DuPont, ilitoa motokari za Oakland za modeli ya 1924 zikiwa na rangi mpya ya buluu, Duco. Hiyo ilikuwa lakeri ya nitroselulosi. Kazi ya siku nyingi ikawa kazi ya saa. Mwaka 1927 General Motors ikafungua idara ya sanaa na rangi, chini ya Harley Earl. Basi rangi ikawa bidhaa sawa vile injini ni bidhaa.

Sasa turuke miaka 40. Tarehe 17 Aprili 1964, Ford ilionyesha Mustang kwenye maonyesho ya dunia ya New York. Ingia ndani ya Mustang ya mwaka 1965 yenye buluu. Dashibodi, ile tunaita tablo, iko na sehemu ya chuma kilichopakwa rangi. Viti ni vinili. Chini kuna kapeti ya nyuzi. Usukani ni plastiki. Ni vitu vine, na kila kimoja kilipata buluu yake kwa njia yake: chuma kilipuliziwa, vinili na plastiki vilichanganywa na rangi, nyuzi zilitiwa rangi. Kazi ya kiwanda ilikuwa kufanya vyote vionekane kama ndugu wa nyumba moja. Lakini ndugu hawa hawazeeki sawa. Jua linapausha kapeti upesi, vinili inabadilika polepole, na chuma kilichojificha nyuma ya kisanduku cha dashibodi kinabakia karibu vile kilivyotoka kiwandani.

Fundi mwenye haraka anakimbilia kibati. Kwenye mlango wa dereva wa Mustang hiyo kuna kibati chenye herufi na namba. Ukisoma M, rangi ya nje ni ile Ford iliita Wimbledon White. Ukisoma 22, ndani ni buluu ya vinili. 25 ni nyekundu. 26 ni nyeusi. Ni hati nzuri sana. Lakini angalia vizuri: hakuna herufi ya pekee kwa chuma cha dashibodi. Namba 22 inataja mpango mzima wa ndani. Haisemi chuma kinang'aa kiasi gani, na haisemi buluu ile imekuwa nini nyuma ya miaka 60. Kibati kinatuambia kiwanda kilikusudia nini, basi.

Na mng'ao njo mahali watu wengi wanapotea. Mwaka 1965 Ralph Nader alitoa kitabu kilicholaumu viwanda vya magari vya Marekani juu ya usalama. Tarehe 9 Septemba 1966 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya usalama wa magari. Kwa motokari zilizotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1968, kanuni namba 107 ilipunguza mng'ao wa vitu vya chuma vilivyo mbele ya macho ya dereva: mikono ya waipa, fremu za ndani za kioo cha mbele, pete ya honi na kitovu cha usukani, fremu ya kioo cha kutazama nyuma. Sababu ilikuwa wazi: mwanga wa jua ukirudi machoni, dereva haoni barabara. Kanuni namba 201 nayo ikalazimisha dashibodi ziwe laini zaidi, juu ya vichwa vya abiria. Kwa hiyo motokari ya 1965 na ya 1969 zinaweza kuwa na buluu za jirani, lakini mng'ao wa moja usiuchukue na kuuweka kwa ingine. Ukifanya hivyo umefuta ukurasa mzima wa historia ya sheria.

Kuna pia yaliyomo ndani ya mkebe. Rangi nyingi za manjano na nyekundu za zamani zilikuwa na risasi, ile madini yenye sumu, na leo viwanda vingi vimeiacha. Katika rangi za mafuta na za alkidi, chumvi za kobalti zilisaidia rangi ikauke. Na katika sehemu kubwa ya karne ya 20, chemchemi kubwa ya kobalti duniani ilikuwa Katanga yetu, kupitia Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906. Leo duka linatengeneza buluu ileile kwa vitu vingine. Matokeo yake, rangi mbili zinalingana kabisa chini ya jua, kisha chini ya taa ya garaji zinaachana. Wataalamu wanaita hiyo metamerisimu.

Basi fundi mwenye akili anafanya nini? Anatafuta shahidi. Anafungua kisanduku cha dashibodi, anatoa kisahani cha majivu, anaangalia chini ya vipande ambavyo jua halikufika. Anasafisha kwa sabuni laini na maji, hasugui kwa msasa, kwa sababu vumbi la rangi ya zamani linaweza kuwa na risasi. Mashine inaweza kupima rangi, lakini ukiipimia kipande kilichopauka, itakupa kwa uaminifu rangi iliyopauka. Kisha anapakaa kadi ndogo za majaribio na kuzilinganisha na shahidi mahali patatu: juani, kivulini, chini ya taa. Mng'ao anaupima peke yake. Na mbele ya kupakaa, anapiga picha, anaandika, na anaacha kipande kimoja kilichofichwa bila kukigusa.

Kile kipande njo kiini cha mambo yote. Ukisugua chuma chote mpaka kiwe cheupe, kisha upakae upya kwa kufuata kibati, motokari itapendeza. Lakini siku mtu atagundua kama kibati kilisomwa vibaya, hakuna wa kumuuliza tena. Shahidi ameuawa, imebaki hati peke yake. Ndiyo maana leo hata mashindano makubwa kama ya Pebble Beach, kule Kalifornia, yako na kundi la motokari zilizohifadhiwa bila kufanywa upya.

Sisi wasomi tunafanya kosa hilo mara nyingi bila kugusa brashi. Tunapata barua moja ya zamani ao ramani moja ya mkoloni, na tunapakaa historia nzima kwa kuifuata, wakati wazee na mahali penyewe vingali na rangi ya kwanza. Hati isomwe, ndiyo. Lakini isomwe pamoja na shahidi, na shahidi asifutwe.

Swali kwenu: katika mtaa wako, ni nini kimepakwa upya mpaka hakuna tena mahali pa kuangalia vile kilikuwa?